Chombo Kibovu, Nahodha Hodari: Waigizaji wa Vichekesho vya Kiswahili katika Vibanda vya Kasese na Bwera

Utangulizi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta katika ukurasa huu uhakiki wa tamthilia, riwaya au diwani iliyomo katika orodha ya vitabu vya Idara. Safari hii tunaomba ruhusa ya kutoka maktabani na kuingia katika vibanda vya video vya Kasese mjini na vya Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Humo, juu ya mabenchi ya mbao na mbele ya runinga moja, watu wetu wengi wamekisikiliza Kiswahili kwa hiari yao kabla hawajakutana nacho darasani. Na kilichowavuta mara nyingi si hotuba wala taarifa ya habari. Ni kichekesho.

Jambo lililotusukuma kuandika ni hili. Kila mwaka wanafunzi wachache wa mwaka wa tatu huleta pendekezo la tasnifu kuhusu vichekesho vya runinga au katuni za Kiswahili, na kila mwaka baadhi yetu walimu huwajibu kwamba hiyo si fasihi, waende wakatafute kitabu. Hoja inayotolewa ni kwamba kazi hizo hazina msuko, hazina dhamira nzito, na lugha yake imeharibika. Tunakiri kwamba sehemu kubwa ya lawama hizo ni ya kweli. Hata hivyo, lawama ya kweli inaweza kuelekezwa mahali pasipo pake, na hapo ndipo tunapotofautiana na wenzetu.

Hoja yetu ni moja. Filamu nyingi za vichekesho vya Kiswahili ni chombo kibovu: hadithi imeungwaungwa, sauti inakwaruza, picha imetikisika. Lakini ndani ya chombo hicho mara nyingi yumo nahodha hodari, yaani mwigizaji ambaye kwa uso, sauti na kimya chake hukifikisha bandarini. Mhakiki anayehesabu matobo tu hataweza kueleza kwa nini abiria walifika wakicheka. Na kwa sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi hii, kushindwa kulieleza hilo ni hasara kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Kiswahili kilichoogopwa

Ili msomaji aone uzito wa jambo, yafaa tukumbuke Kiswahili kiliingiaje masikioni mwa watu wa magharibi mwa Uganda. Kilikuja na askari wa wakoloni, kikabaki kambini na katika vituo vya polisi. Mwaka 1973 utawala wa Idi Amin ulikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa hiyo wazee wengi wanakikumbuka kama sauti ya amri kwenye kizuizi cha barabara: simama, shuka, kaa chini. Mzazi wa namna hiyo akimsikia mwanawe akijisomea Kiswahili sebuleni, haoni lugha ya Shaaban Robert. Anaona kofia ya askari.

Ni kweli kwamba Kasese na Bwera zina historia yao nyingine. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956, na shaba ya Kilembe ilipoanza kuchimbwa kibiashara mwaka huohuo, wafanyakazi walikuja kutoka pande nyingi na walihitaji lugha ya kuelewana. Kule Mpondwe, mwanamke Mkonzo anayeuza vitenge na Mnande aliyevuka kutoka Kasindi wanaweza kuelewana kwa lugha zao zilizo ndugu, lakini akitokea mteja wa Goma au Bunia, Kiswahili huingia kati mara moja. Kwa hiyo hapa kwetu Kiswahili kina nyuso mbili: ya bunduki na ya soko.

Serikali nayo imefanya yake. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikifanya kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya mwanzo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kukitekeleza kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini sheria haiondoi hofu. Mtoto anaweza kulazimishwa kusoma, hawezi kulazimishwa kupenda. Sisi tunaamini kwamba uso wa tatu wa Kiswahili, uso wa kicheko, umefanya katika vibanda vya Bwera kazi ambayo hakuna waraka ulioifanya. Na uso huo una wenyewe, wenye majina na ufundi wao. Tuwatazame wachache.

Mzee Ojwang na ufundi wa lafudhi

Tuanze na Kenya. Katika kipindi cha Vitimbi cha runinga ya taifa, KBC, Benson Wanjau aliigiza kwa miaka mingi kama Mzee Ojwang, mume mwenye miwani mikubwa, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kushindwa, mbele ya mkewe Mama Kayai aliyeigizwa na Mary Khavere. Watazamaji wengi waliamini kwamba mzee huyo ni Mjaluo. Hakuwa Mjaluo. Alikuwa Mkikuyu, na aliibeba lafudhi ya wengine mpaka ikawa ngozi yake.

Wanafunzi wetu wa fonolojia watuelewe vizuri hapa, maana jambo hili si dogo. Kijaluo hakina sauti /sh/ wala /z/, kwa hiyo msemaji wake akiingia katika Kiswahili huelekea kuzigeuza zote kuwa /s/: shamba likawa “samba”, zawadi ikawa “sawadi”. Kikuyu kina tatizo lake tofauti kabisa, la kuchanganya /r/ na /l/. Mwigizaji huyu basi alikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kuifukuza lafudhi aliyozaliwa nayo na kuikaribisha asiyozaliwa nayo, tena si katika sentensi moja ya mzaha, bali katika ugomvi wa kasi, akikatizwa maneno na Mama Kayai. Tunawapa wanafunzi wetu alama kwa kueleza kanuni hizo katika karatasi. Mzee Ojwang aliziishi.

Lakini tusimsifu kwa kuiga tu, kwa sababu kuiga lafudhi peke yake ni jambo la kawaida, hata mtoto hulifanya. Sifa yake ni kwamba lafudhi haikuwa ndiyo kichekesho. Kichekesho kilikuwa fahari ya mtu aliyejiona bwana wa nyumba huku kila mtu, pamoja na mkewe, akijua nani mwenye nyumba. Lafudhi ilimpa mtu huyo kwao, ikampa mwili. Na ubora wa Mary Khavere, ambao hausemwi vya kutosha, ni ubora wa kusikiliza. Mtazame Mama Kayai mume anapofoka: hakimbilii jibu. Humwacha amalize, humtazama toka kichwani hadi miguuni, halafu hutoa neno moja au mguno. Kicheko hulipuka katika nafasi ile ya kimya, kabla ya neno. Uigizaji wa vichekesho ni kazi ya watu wawili, na anayepokea mpira hastahili sifa pungufu kuliko anayeupiga.

Katika runinga hiyohiyo kuna Vioja Mahakamani, kipindi kinachoweka lafudhi za Kenya mbele ya hakimu. Mpangilio wake ni rahisi: hakimu, mwendesha mashtaka, mshtakiwa, shahidi. Upande wa meza kuna Kiswahili kilichonyooka cha dola, na upande wa kizimba kuna Kiswahili cha kila mtu. Makokha, mhusika mwenye lafudhi ya Kiluhya, ambamo /b/ huelekea kuwa /p/ na /d/ kuwa /t/, husimama kizimbani kama mtu aliyekwisha kushindwa, kisha huanza kujibu maswali kwa namna inayomlazimu mwendesha mashtaka kurudia, kufafanua, na mwishowe kukasirika. Sheria hupata ushindi wake mwisho wa kipindi, lakini mazungumzo yote yameshakuwa mali ya mshtakiwa.

Fikirini basi maana ya kipindi hicho kwa mtazamaji wa Bwera. Huyu ni mtu ambaye nyumbani husema omundu, na kwa hiyo irabu ya mwanzo humfuata hata anapotaka kusema mtu. Lugha yake huandikwa kwa lh, sauti ambayo Kiswahili Sanifu hakina. Alizoea kuogopa kwamba akifungua mdomo atachekwa na aliye na cheo. Hapa anamwona mtu wa lafudhi nzito, mbele ya dola yenyewe, akizungumza bila woga na kueleweka. Mwalimu yeyote anayejua jinsi darasa la kidato cha kwanza linavyonyamaza kwa hofu ya kukosea ataona thamani ya tukio hilo.

Hivi karibuni Tanzania nayo imetupa mfano wa jirani. Mchekeshaji wa kike aliyejulikana sana kuanzia mwaka 2017 kwa jina la Ebitoke alijenga mhusika wa msichana wa kijijini mwenye lafudhi ya Kagera. Jina hilo lenyewe huwachekesha watu wetu kabla hajasema lolote, kwa kuwa kila aliyesikia Kinyankore analitambua: ni ndizi za kupika. Mtazamaji wa Kasese anajikuta ndani ya Kiswahili bila kuvuka mpaka.

King Majuto na ufundi wa mwili

Tuje kwa mwigizaji ambaye sura yake ndiyo tuliyoikuta mara nyingi zaidi katika vibanda tulivyovitembelea. Amri Athumani, King Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948 na kufariki Agosti 8, 2018 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Alitoka katika mapokeo ya vichekesho vya jukwaani, ambavyo vikundi vya sanaa vya Tanzania vilivichanganya na ngoma, sarakasi na muziki katika onyesho moja la jioni. Mapokeo hayo ni ya zamani. Neno chale, kwa maana ya mchekeshaji, wengi hulihusisha na jina la Charlie Chaplin, ambaye filamu zake zilionyeshwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Vichekesho hivyo vilitegemea ufaraguzi: waigizaji hukubaliana kisa, kisha maneno huzaliwa papo hapo mbele ya hadhira.

Hapa ndipo wahakiki wengi walipompima Majuto kwa mizani isiyo yake. Walitafuta mswada mzuri, wakakosa, wakafunga kitabu. Lakini mwigizaji wa ufaraguzi hubeba mswada mwilini. Mhusika wake wa kawaida ni mzee mkware, mchoyo na mwoga, wa msuli na kofia au shati lisilofungwa vifungo. Mzee wa namna hii ni wa zamani kama vichekesho vyenyewe. Upya uko katika jinsi alivyomgawa vipande. Macho yake hutaka kitu kimoja, mdomo wake hukana, na miguu imeshaanza kwenda. Akiwa anamkemea kijana kwa utovu wa adabu, sauti huwa ya baba, nzito, yenye lahaja ya Tanga. Akipita msichana, sauti hiyohiyo hulegea katikati ya sentensi bila sentensi kukatika, na ikimalizika tayari ni ya mchumba. Hakuna mwandishi anayeweza kuandika mlegeo huo. Ni mwigizaji tu.

Tuliwahi kukaa katika kibanda kimoja cha Bwera siku ya soko, filamu ya Majuto ikionyeshwa. Mtu mmoja katika filamu alimwita mzee huyo mkware. Kijana aliyekaa mbele yetu akamuuliza jirani yake, mama aliyevuka kutoka ng'ambo, maana ya neno hilo. Mama akasema kwao hawalitumii. Kabla hajaendelea, Majuto alimfuata mwanamke kwa macho mpaka shingo ikafika mwisho wa kugeuka, akajikuta anatazamana na mkewe, akaanza kukagua dari kama fundi wa paa. Kibanda kizima kikacheka, na kijana akasema kwa Lhukonzo kwamba sasa ameelewa. Tunao wanafunzi waliosoma maana ya neno kama hilo katika kamusi mara tatu na kulisahau mara nne. Huyu hatalisahau.

Wasomaji wanaweza kutukumbusha Mr Bean wa Rowan Atkinson, ambaye naye hupendwa sana vibandani na ambaye ubora wake hakuna anayeubishia. Tunakubali. Lakini tofauti yao ni muhimu kwa Idara ya lugha. Uso wa Atkinson katika nafasi ile hauhitaji lugha yoyote, ndiyo maana ulizunguka dunia nzima. Uso wa Majuto unahitaji Kiswahili. Ucheshi wake uko katika umbali baina ya neno la heshima na mwili usio na heshima, na asiyelielewa neno hupoteza nusu ya kicheko. Kwa hiyo mtazamaji huvutwa kuelekea lugha ili apate nusu iliyobaki. Ni nani kati yetu walimu aliyewahi kupata mvuto kama huo kwa kutumia ngeli?

Kundi la vijana lililoanza na Ze Comedy katika EATV, na baadaye likahamia TBC1 kwa jina la Orijino Komedi, liliupeleka ufundi huu mbele. Joti, yaani Lucas Mhuvile, aliweza kuwa babu, mwanamke na mtoto katika kipindi kimoja, na ukimtazama kwa makini utaona kwamba habadilishi mavazi tu. Hubadilisha mahali uzito wa mwili unapokaa: babu huubeba kwenye magoti, mtoto kwenye tumbo. Hilo ni somo zima la uigizaji, na linafaa kusomwa hivyo.

Sauti zisizo na uso

Katika katuni mwigizaji hana uso. Kwa sababu hiyo hudharauliwa mara mbili, mara ya kwanza kwa kuwa kazi ni ya watoto na mara ya pili kwa kuwa yeye haonekani. Lakini sauti pekee ndiyo mtihani mgumu wa mchekeshaji.

Mfano wetu ni Ubongo Kids, katuni ya Tanzania iliyoanza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014. Wahusika wake, akina Kibena, Kiduchu, Koba, Amani na Baraka, hutatua mafumbo ya hesabu na sayansi kwa visa na nyimbo. Ndugu yake mdogo, Akili and Me, humfuata mtoto Akili wa miaka minne, anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na ambaye kila akilala huingia katika nchi ya ndoto. Watu huzisifu katuni hizi kwa elimu yake, na sifa hiyo ni haki yake. Sisi tunataka kuongeza sifa ya masikio. Zinatumia Kiswahili kinachofaa kusikilizwa na mtoto bila kuwa Kiswahili cha fimbo. Wahusika hukosea, hubishana na kukatizana maneno, na sauti zao hutofautiana kiasi kwamba ukifumba macho bado unajua nani anasema. Kwa mtoto wa Kasese anayekisikia Kiswahili Sanifu kwa mara ya kwanza kupitia simu ya mama yake, hii ndiyo sauti ya lugha atakayoibeba mpaka kidato cha kwanza.

Ilinganishwe na Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na Homeboyz na kuonyeshwa na BBC kuanzia mwaka 2010. Picha zake zimetokana na mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, na muziki wake ulitungwa na Eric Wainaina. Ni kazi nzuri sana kwa macho. Lakini sauti zilizoipeleka ulimwenguni zilikuwa za Kiingereza. Rangi zetu, hadithi zetu, kicheko cha lugha nyingine. Hatusemi hivyo kwa kulaumu. Tunaonyesha tu kwamba sauti ni sehemu ya kazi ya sanaa, si nguo ya kuvaa juu yake.

Vibandani kuna msanii mwingine wa sauti ambaye hatuna budi kumtaja: mtafsiri wa filamu. Nchini Uganda anaitwa VJ, na kwa sehemu kubwa hutumia Luganda. Japani ya filamu bubu ilikuwa naye wa namna yake, benshi, aliyesimama kando ya pazia na kusimulia. Tanzania ilikuwa na Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, aliyezitafsiri kwa Kiswahili filamu za kigeni na kuziongezea maelezo, utani na majina ya mitaa ya nyumbani. Msanii huyu hafanyi tafsiri sisisi. Huigiza watu wote wa filamu kwa koo moja, na huikejeli filamu hukohuko ndani yake. Filamu ya Uganda Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa na Nabwana I.G.G. huko Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, ilipata mashabiki wa nchi za mbali kwa kiasi kikubwa kutokana na sauti ya VJ Emmie juu yake. Tazama ajabu hiyo: mchekeshaji bora wa filamu ni mtu ambaye hayumo katika filamu.

Dosari zake

Uhakiki usiotaja dosari ni tangazo la biashara. Tunazitaja tatu.

Kwanza, urefu. Filamu nyingi za vichekesho za Tanzania ziliuzwa kwa sehemu ya kwanza na ya pili, na ili sehemu mbili zipatikane, tukio la dakika tatu lilivutwa likafika kumi. Hata Majuto huchoka katika matukio hayo, na ukimjua unaona anavyorudia mbinu ileile ya macho kusubiri mpigapicha aseme basi.

Pili, shabaha ya kicheko. Mara nyingi mno anayechekwa ni mwanamke anayepigwa, mlemavu, au mshamba kwa ushamba wake tu. Tunazo mila za utani katika jamii zetu, na utani una kanuni: mtani hukutania naye akijua kwamba kesho ni zamu yako. Kichekesho kinachompiga asiyeweza kujibu si utani, ni uonevu. Hapo hata uigizaji bora hauokoi kitu. Unaweza hata kuzidisha ubaya, kwa kuwa humfanya mtazamaji acheke kabla hajafikiri.

Tatu, na hii haiwahusu wasanii bali sisi watazamaji. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nakala nyingi zinazoonyeshwa vibandani na kujazwa katika memori kadi za simu ni za wizi, na aliyetuchekesha hapati hata shilingi. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 12, 2015, alifikia hatua ya Wakenya kumchangia fedha za matibabu ya macho. Majuto alipokuwa mgonjwa mwaka 2018, suala la mikataba duni aliyosaini lilifika mpaka kwa waziri mhusika. Dharau ya mhakiki na umaskini wa msanii ni mambo yanayofuatana. Tukisema kazi yake si sanaa, tumempa mfanyabiashara sababu ya kumlipa kama asiye msanii.

Kutoka kibandani hadi darasani

Tunapendekeza nini? Kwanza, tasnifu kuhusu vichekesho zikubaliwe, lakini kwa masharti makali kuliko ya sasa. Mwanafunzi asituletee muhtasari wa hadithi na orodha ya dhamira, kwa kuwa huko ndiko kazi hizi zilikodhoofika. Atuletee tukio moja la dakika tano, alieleze kwa ukamilifu: nani ananyamaza, kwa muda gani, lafudhi ipi inatumika na kwa kanuni gani za sauti, mwili unasema nini ambacho neno linakikana. Tunaamini kurasa ishirini za namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kurasa sitini za fani na maudhui zilizonakiliwa kutoka kwa waliotangulia.

Pili, wanafunzi wanaokwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za Kasese wajaribu zoezi hili. Waonyeshe kipande kifupi bila sauti, wawaombe wanafunzi watunge maneno ya Kiswahili. Kisha waonyeshe tena kwa sauti, darasa lilinganishe. Mwanafunzi wetu mmoja alifanya hivyo karibu na mpaka, kwa kipande cha mahakamani. Alituripotia kwamba wanafunzi wa kidato cha pili waliokuwa hawasemi waligombania nafasi ya kizimbani. Hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa hakimu. Ngeli zilivunjika vibaya sana siku hiyo, lakini midomo ilifunguka, na mdomo uliofunguka unaweza kurekebishwa.

Tatu, tusome uigizaji hata katika vitabu. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein tunaifundisha kana kwamba iliandikwa ili itungiwe maswali ya mtihani. Iliandikwa ichezwe. Mwanafunzi aliyejifunza kwa Mama Kayai thamani ya kimya ataisoma tamthilia hiyo kwa masikio mapya, na ataona mahali ambapo mwandishi amemwachia mwigizaji nafasi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba vichekesho na katuni za Kiswahili vina hazina ambayo mizani yetu ya kawaida haiipimi, na kwamba hazina hiyo iko kwa waigizaji. Hatujasema kwamba kila kinachochekesha ni bora, wala kwamba kibanda kichukue nafasi ya maktaba. Tumesema kwamba hapa Kasese na Bwera, ambako lugha hii iliwahi kuja ikiwa imeshika bunduki, wapo watu walioileta ikiwa imevaa msuli na miwani mikubwa, na watoto wa waliokimbia wakasogea karibu ili wasikie vizuri. Idara ya Kiswahili isiyojua kuwahakiki watu hao inajinyima wasaidizi wake wakubwa kuliko wote.

Mwenye hoja kinzani anakaribishwa. Nafasi yake katika toleo lijalo ipo.